Naomba ushauri: sufuria ya presha juu ya makala (makaa)

Jambo wamama, wababa na ndugu wote wa kikundi. Naomba munisaidie mawazo kabla sijanunua.

Niko Bukavu, familia ni kubwa, tunapika kwa makala, na maharagi ndiyo yanatumalizia gunia. Huku kwetu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo hata moto ukiwa mkali yanachelewa kuiva. Ninayaloweka usiku kucha, ninaweka jiwe juu ya kifuniko. Inasaidia, lakini kidogo.

Jirani aliniazima sufuria yake ya presha, ya aluminiamu, mikono ya plastiki. Maharagi yaliiva haraka kweli! Ila plastiki ilianza kunuka kwa joto la babula (jiko la makala), na makala huwezi kuyapunguza mara moja kama gazi. Hilo linaniogopesha, watoto hawakai mbali na jiko.

Siku za sherehe tunapikia nje, kwa kuni, sombe (majani ya muhogo) na sambaza (samaki wadogo wa ziwa) za nyanya. Sufuria nzito za aluminiamu ni bei nafuu, lakini nyanya zinaila aluminiamu polepole.

Wenye kutumia presha juu ya makala: munachagua yenye mikono ya aina gani, na moto munautuliza vipi mvuke ukizidi? Na kwa kuni, ile ya inoksi (chuma kisichoshika kutu) yenye kitako kinene inavumilia, ao chakula kinashika chini?