Mama amekataa kupanda ndege, nimwambieje?

Wana Tanga, salaam. Mama anatakiwa Dar kwa matibabu ya macho. Safari ya basi magoti yake hayaiwezi, nikamwambia tupande ndege. Kagoma. Kwenye simu ameona ile video ya ndege iliyotoboka ubavuni angani, mpira wa oksijeni unaning'inia. Kila akiirudia, tasbihi inakwenda mbio. Nimsaidieje?

*Fundi wa Ngamiani:*
Pole kaka. Ile ni Boeing 737 MAX 9, Marekani, Januari 2024. Kilichong'oka ni kizibo cha nafasi ya mlango usiotumika; boliti nne za kukishikilia hazikuwepo. Wote 177 walitua hai. Lakini video inaishia kwenye tundu, kutua hawaonyeshi! Hilo linaniuma. Mwambie pia, hizi za kwetu Tanga ni ndogo, za mapanga.

*Bi Chumbageni:*
Mwanangu, usimwambie mama yako hofu yake ni ya bure. Oktoba 2018 walikufa 189 Indonesia, ndege aina ya MAX zikaendelea kuruka, Machi 2019 wakafa 157 Ethiopia. Zote mbili mfumo uleule wa kuinamisha pua ya ndege, ukisikiliza kihisi kimoja kibovu. Na ajali ya ndege ya Bukoba 2022 tulizika 19. Watu waliambiwa watulie, ndiyo maana hawaamini. Mimi nilimpeleka dada yangu uwanjani siku moja kabla, tukakaa tu tukitazama zikitua. Kesho yake alipanda, kanishika mkono mpaka Dar.

*Muuliza swali:*
Ahsante bibi. Jumamosi nampeleka akaangalie.