Samaki wa chini wa kuishi na sikilidi wakali: tupeane uzoefu

Mpenda Kioo (Tegeta)
Habari zenu, wakuu. Jioni hii nimepita kwa jirani yangu nikamkuta amelaza Corydoras wake, wale kambale wadogo wa sakafuni, juu ya gazeti, mapezi yameliwa hadi kwenye shina, na anachoniambia ni kwamba muuzaji alimhakikishia kuwa samaki wa chini hagombani na mtu. Tangi lake ni pana na lina mawe mengi, lakini wenye mji humo ni mbuna, yaani sikilidi (jamii ya perege) wa miambani wa Ziwa Nyasa, wakiwamo auratus, ambao dume lake likishageuka jeusi halivumilii hata kivuli chake. Naamini wengi humu mmeyapitia haya. Nani alidumu sakafuni mwa tangi la wakorofi, na nani hakuiona asubuhi?

Bi Kisauni
Umenirudisha mbali. Kaka yangu alikuwa na oscar mmoja, sikilidi mkubwa mwenye kinywa kipana, aliyemlea tangu akiwa mdogo, samaki aliyezoea kula mkononi mwake. Mtu mmoja akamshauri aweke Corydoras wa kuokota mabaki. Siku ya Idi, nyumba imejaa wageni, mtoto mmoja akaja jikoni kutuambia kwamba samaki mkubwa anakohoa. Tulipofika sebuleni tulimkuta oscar amepanua kinywa, mkia wa Corydoras umechomoza nje, na kila akijaribu kumtema ndivyo alivyozidi kumkaza, kwa sababu samaki yule mdogo akihofu husimamisha miiba ya mgongoni na ya ubavuni ikajifunga kama komeo. Kaka alichukua kibano cha nyusi cha mkewe, akaingiza mkono majini akiwa na kanzu yake nyeupe, akavuta kidogo kidogo huku wageni wakimpa maelekezo yanayopingana, mmoja akisema vuta, mwingine akisema sukuma. Damu ikatoka kwenye matamvua. Hadi adhana ya Isha wote wawili walikuwa wamekufa, na biriani ilikuwa imepoa. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hanunuliwi samaki kabla hajalinganishwa na kinywa cha yule atakayeishi naye.

Salim wa Buja
Pole sana, dada. Kwetu pia yalitokea hayo hayo, ila bila biriani.

Mwana Ujiji
Wakuu, jibu la swali hili linanaswa kwenye nyavu za huku kwetu kila siku. Gogogo wa Ziwa Tanganyika, samaki wa jamii ya kambale, amekulia katikati ya sikilidi wakali, katika maji magumu ambayo pH yake (kipimo cha uasidi) inakaribia 9, na ijapokuwa ngozi yake haina magamba, kichwa chake ni mfupa mtupu na miiba yake mitatu haishuki mpaka atake mwenyewe. Kwa tangi la jirani ningechagua Synodontis petricola, anayeishia kwenye sentimita 10 hivi, na ningeweka kundi badala ya mmoja, kwa kuwa gogogo wa peke yake hushinda mwambani mchana kutwa na mwenye tangi humwona taa zikizimwa tu. Ziwa Nyasa nalo lina gogogo wake, Synodontis njassae, kwa hiyo mbuna hatakutana na mgeni. Yule mwenye madoa makubwa, Synodontis multipunctatus, ni mzuri kuliko wote, lakini ana mambo yake. Halafu msimkamate kwa wavu, maana miiba hunasa na mtamkata mapezi mkijaribu kumnasua. Tumieni bakuli, na akitoa sauti ya kukwaruza msishtuke.

Fundi Pampu
Ninatofautiana na Mwana Ujiji. Gogogo hana habari na mwani, ilhali pleko, kambale mwenye kinywa cha kunyonya, anasafisha kioo, amevaa deraya mwili mzima, na mbuna humgonga mpaka wakachoka wenyewe.

Mzee wa Mbuna
Pleko wa kawaida anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole anaweza kupita sentimita 40, na uchafu anaoutoa unashinda mwani anaoula. Anayetaka wa jamii hiyo achukue Ancistrus, ambaye hukomea kati ya sentimita 12 na 15 na huyavumilia maji magumu. Mkome pia kuwaita samaki wa chini wafagizi. Msiwategemee wale kinyesi cha wenzao. Kazi hiyo ni ya mpira wa kunyonyea na ndoo.

Fundi Pampu
Mzee wangu, shikamoo, lakini mimi nimetaja kioo, sikutaja kinyesi. Tusisomane kwa haraka.

Mzee wa Mbuna
Marahaba. Nimesoma, na ndiyo maana nakuuliza: mwani wa mawe ndio chakula cha mbuna huko ziwani, sasa pleko unamleta kuwasaidia kula?

Neema wa Mwanza
Naomba mgombane taratibu, kwa sababu Mwana Ujiji amepita juu juu kwenye hayo mambo ya multipunctatus. Mimi ninao. Jike langu la mbuna lilipokuwa likitaga, gogogo wawili walitoka gizani kwa kasi, wakalipita katikati, na nilidhani wamekuja kula mayai tu. Jike likaokota mayai yote, likafunga kinywa na kuacha kula, kama kawaida yao ya kuatamia mayai kinywani. Baada ya wiki kadhaa nililihamishia kwenye tangi dogo ili liteme watoto kwa amani, nikakaa nikingoja makinda ya manjano. Kilichotoka kilikuwa na sharubu. Kikatoka kingine, nacho kina sharubu na madoa, tumbo limejaa, wala hapakuwa na kinda hata mmoja wa mbuna. Nilimwita mume wangu aje kuthibitisha kwamba sijachanganyikiwa.

Mpenda Kioo (Tegeta)
Dada Neema, unamaanisha mbuna amezaa gogogo?

Neema wa Mwanza
Amelea, hakuzaa. Gogogo hupenyeza mayai yake kati ya mayai ya sikilidi, nayo huanguliwa mapema, kisha watoto wake huwala wenyeji humo humo kinywani. Mtafiti Tetsu Sato aliyaeleza haya mwaka 1986 kutokana na alichokiona Ziwa Tanganyika. Sikilidi wa ziwa hilo wanamjua kidogo mwizi wao na huyatema mayai mengine, lakini wale wa maziwa mengine hudanganyika kirahisi zaidi.

Bi Kisauni
Subhanallah. Huyo mimi simtaki.

Salim wa Buja
Mimi ndiye ninayemtaka.

Mama Wawili (Morogoro)
Wenye nia ya kuweka kinda la kambale kwa kuwa bei yake ni nafuu, msithubutu. Shemeji yangu alituletea mmoja. Alimaliza wenzake, kisha usiku akaruka nje, na kwa kuwa kambale hupumua hewa tulimkuta asubuhi chini ya jokofu akiwa mzima kabisa.

Mswahili wa Maskati
Huku maji ya bomba yanatoka baharini baada ya kuondolewa chumvi, kwa hiyo nalazimika kuweka vipande vya matumbawe ndani ya chujio ili pH isishuke. Gogogo wangu wanaendelea vizuri. Siku ya kuwaingiza, zimeni taa na mwalishe wenyeji kwanza.

Mzee wa Mbuna
Taa hazitoshi. Hamisheni mawe yote, ili kila dume lianze upya kutafuta mpaka wake na lisahau wageni.

Fundi Pampu
Mimi huwawekea mabomba ya plastiki ya fundi wa maji. Hayapendezi, lakini auratus hajawahi kuingia kumtoa mtu.

Mama Wawili (Morogoro)
Na chakula je? Nikitupa minyoo, mbuna wanaimaliza kabla haijafika chini.

Mwana Ujiji
Usiwape mbuna minyoo, dada, watavimba matumbo. Subiri taa zizimwe, ndipo uangushe tembe za kuzama karibu na mawe.

Mpenda Kioo (Tegeta)
Jirani ameyasoma yote na anasema anataka petricola, kundi zima, na Ancistrus mmoja ili Fundi Pampu asinune. Mwana Ujiji, wakitoka Kigoma hadi Dar watafika?

Mwana Ujiji
Wanafika, ilimradi anayewafunga atumie mifuko miwili na kuweka gazeti katikati, kwa sababu miiba hutoboa mfuko mmoja kabla hata gari halijatoka stendi.