Sala ya jumuiya: iongozwe kwa zamu au na wenye cheti?

Mleta mada (Dar es Salaam)

Tumsifu Yesu Kristo, wakuu. Na ndugu zetu wa Bwana Yesu asifiwe karibuni pia, maana najua jambo hili halipo kwetu Wakatoliki peke yetu.

Kwenye kanda yetu limeletwa pendekezo kwamba sala ya jumuiya (kile kikundi kidogo cha waumini majirani) ya Jumamosi alfajiri, badala ya kuongozwa kwa zamu kama sasa, iongozwe na watu wawili tu kwa kila jumuiya, waliopita semina wakapewa cheti. Kuzunguka nyumba kwa nyumba kubaki, ila mwenye nyumba akaribishe watu na kuandaa chai, basi. Sababu zilizotolewa: wengine hawasomi vizuri, wengine wakipewa nafasi wanahubiri nusu saa, na kuna mmoja aliyeanza kukemea mapepo sebuleni mpaka watoto wakalia.

Sababu hizo ni za kweli, hata hilo la mapepo nilikuwepo. Bado napinga.

Jumuiya hizi hazikuanzishwa ili kupeleka mimbari mtaani. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973 walikubaliana kwamba maisha ya Kanisa katika nchi zetu yajengwe juu ya jumuiya ndogo za watu wanaofahamiana, wanaoishi na kufanya kazi pamoja. Mwaka 1976 wakalirudia na kulifanya kipaumbele cha kichungaji. Mlei, yaani muumini wa kawaida asiye padre wala mtawa, ndiye aliyekusudiwa. Sasa kama mlei huyo atabaki kuitikia "utuombee" na kumimina chai, si angelala tu akasubiri misa ya Jumapili?

Halafu tuangalie kinachoongozwa chenyewe. Njia ya Hatua Saba, iliyotoka taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, haidai usomi. Tunamkaribisha Bwana. Mmoja anasoma Injili. Kila mtu anachukua neno au sentensi fupi iliyomgusa, anaitamka mara tatu taratibu. Tunanyamaza. Tunashirikishana. Tunaulizana wiki hii tutafanya nini. Tunafunga kwa sala za hiari. Kazi ya anayeongoza ni kutaja hatua inayofuata na kulinda ule ukimya. Bibi asiyejua kusoma anaiweza kabisa, mjukuu wake akasoma Injili.

Tulipoharibu ni hapa: hatua ya nne tunairuka kwa sababu ukimya unatutia wasiwasi, na ya sita tunairuka kwa sababu itatutoa jasho (kumfulia mgonjwa, kumpatanisha jirani na mkewe). Inabaki ya tano peke yake, nayo imevimba ikawa mahubiri. Aliyezoea kuhubiri, mkimpa cheti atahubiri kwa kujiamini zaidi. Homilia yenyewe, yaani mahubiri ya misa, Kanisa limemwachia padre na shemasi. Jumuiyani mtu anasema "neno hili limenigusa hivi", hasemi "ninyi mnatakiwa".

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa jumuiya (Mwanza)

Mkuu, kwa heshima zote, hujawahi kuwa katibu wewe.

Zamu ukiiandika kwenye daftari inapendeza. Siku ikifika aliyepangiwa kuongoza amepata dharura, mwingine simu haipatikani, na mwenye nyumba kafunga geti. Nani anaokoa jahazi? Yule yule mmoja aliyejiandaa. Kwa hiyo hao wawili mnaowapinga wapo tayari kila jumuiya, tofauti ni kwamba hawajatambuliwa.

Na najua mtanisomea 1 Wakorintho 14:26, "kila mmoja ana zaburi, ana fundisho". Endeleeni mpaka mstari wa 40: "mambo yote na yatendeke kwa uzuri na kwa utaratibu." Ni Paulo huyo huyo, na sura ni hiyo hiyo.

Mchangiaji (Bukoba, Mlutheri wa KKKT)

Bwana Yesu asifiwe. Huku kwetu Kagera bado wapo wazee waliolelewa na Uamsho, ule mwamko wa Kikristo wa toba ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukapita Uganda na kutufikia. Kwenye ushirika wao hakuna aliyeuliza cheti. Mkulima alisimama akatubu mbele ya mchungaji wake, na mchungaji naye akasimama akatubu mbele ya mkulima.

Lakini msidhani palikuwa holela. Ushuhuda ulipimwa. Ukijisifu, ndugu wanakukatiza kwa wimbo. Ukificha jambo, wanakuja nyumbani kukuuliza. Hapo ndipo naona mada imepungukiwa: nyie mnabishana nani ashike usukani, wala hamsemi nani ana ujasiri wa kumwambia anayeongoza "baba, inatosha". Kwetu siku hizi mzee wa kanisa anaongoza jumuiya na hakuna wa kumkatiza.

Kitu kingine kilichoumiza watu ni siri. Mtu anatubu jioni, asubuhi iko sokoni. Hilo liwe sharti la kwanza kwa yeyote mtakayemchagua, mwenye cheti na asiye nacho.

Mchangiaji (Morogoro)

Jumuiya yetu wanaume wanaohudhuria ni mimi na mzee mmoja. Akina mama wamejaa sebule. Mkisema wachaguliwe wawili wa kuongoza, nawahakikishia tutachaguliwa mimi na huyo mzee. Na mimi sijui hata kuanzisha wimbo.

Mchangiaji (Nairobi, Mpentekoste)

Huyo wa Morogoro amenichekesha, lakini kuna mfano. Mchungaji David Yonggi Cho wa Seoul, Korea Kusini, alipolemewa na ugonjwa miaka ya 1960, aligawa waumini wake katika seli, yaani vikundi vidogo vya nyumbani, na kuwakabidhi wanawake uongozi, kwenye jamii ambayo haikuzoea jambo hilo. Kanisa lake la Yoido likaja kuwa miongoni mwa makanisa makubwa kabisa duniani. Ila viongozi wale hawakutupwa tu majumbani, walifundishwa. Kwetu pia kiongozi wa seli hukutana na mchungaji kila wiki, hupewa somo, na huwa na msaidizi anayejifunza kwake. Semina moja na cheti ukutani haimsaidii mtu, ndugu zangu.

Mleta mada

Hilo la kila wiki nalichukua. Zamu ibaki, ila Alhamisi jioni mwenye zamu akae na mratibu wa liturujia, waisome pamoja Injili ya Jumapili inayofuata na kupanga nyimbo. Asipotokea Alhamisi, apangiwe mwingine mapema, na katibu apumue. Na akina mama waingie kwenye zamu sawa na wanaume. Barua kwa Wakolosai inasalimu kanisa lililo katika nyumba ya mama Nimfa, kwa hiyo tusiwabakize jikoni.

La ujasiri wa kukatiza sina jibu zuri. Mwenyekiti wetu hakatiziki.

Naongeza moja ambalo mmelikwepa wote: michango. Sala yenyewe fupi, halafu tegemeza jimbo (mchango wa kuendesha jimbo), ukarabati wa nyumba ya mapadre, harusi, rambirambi, na majina ya wasiolipa yanasomwa kwa sauti. Wengi wanaokimbia zamu wanakimbia kusomwa. Michango isubiri sala ya kufunga, abaki anayetaka kubaki.

Katibu wa jumuiya (Mwanza)

Wakiondoka wote, daftari nitakuletea wewe.