Maji kwenye injini: yanatoa kaboni kweli, au tunachezea konrodi (mkono unaoshika pistoni)?

Wakuu, habari zenu. Mafundi wengi sasa wanauza huduma ya "kuosha injini kwa maji". Injini ikishapata moto, mmoja anashikilia resi kama mizunguko 2,000 kwa dakika, mwenzake anapuliza maji kwenye njia ya hewa kwa chupa kama ile ya saluni. Wanasema inatoa kaboni yote, yaani masizi yaliyoganda ndani. Mimi hiyo "yote" naipinga.

Ukweli upo. Aliyewahi kufungua injini iliyoungua gasketi ya hedi ameona: pistoni tatu nyeusi tii, ya nne, ile iliyokuwa ikiingiza maji, inang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Mvuke umeng'oa masizi. Na masizi yakijaa pale juu ya pistoni yanaongeza mgandamizo, yanabaki mekundu kama kaa na kuwasha petroli kabla ya plagi. Ndipo injini inaanza kugonga.

Ila magari mengi tuliyoagiza Japani yanaumwa kwingine. Injini ya Toyota ya D-4 kama 1AZ-FSE inamwaga petroli ndani ya silinda moja kwa moja. Valvu za kuingiza hewa haziguswi na petroli; zinachopata ni mvuke wa oili unaorudishwa kutoka kwenye injini, nao unaganda na kuokwa pale mgongoni mwa valvu. Maji ya chupa yanapita hapo mara moja tu, moto mkali uko upande wa pili. Toyota walipoleta D-4S mwaka 2005 kwenye 2GR-FSE, waliweka nozeli ya pili kwenye njia ya hewa, na petroli yake inaosha valvu. Kwa injini isiyo nayo, shusha manifoldi (mabomba ya hewa) usugue, au upulize unga wa maganda ya jozi (walnut) kwa kompresa.

Mchangiaji: Mkuu, BMW M4 GTS ya 2016 imetoka kiwandani na mfumo wa kupuliza maji. Na wao hawajui wanachofanya?

Mleta mada: Wanajua sana, ila hawakuweka kwa ajili ya kaboni. Maji yale yanapoza hewa iliyotoka kwenye turbo ili injini isigonge, na kompyuta ndiyo inayapima. Chupa ya mtaani inapimwa na kidole. Maji hayagandamizwi: yakiingia mengi, pistoni ikipanda inakuta ukuta. Jirani yangu aliletewa konrodi yake mezani, imepinda kama ndizi, na fundi akamwambia "ilikuwa imechoka". Ilikuwa haijachoka. Alilipa injini nzima kwa huduma ya nusu saa.

Mafundi mliomo humu: kuna mwenye picha za mgongo wa valvu, kabla na baada ya maji, zilizopigwa kwa kamera ya waya bila kufungua kitu? Aziweke hapa. Zikionyesha valvu imetakata, nabadili msimamo leo hii.