Nisomee ubingwa upi?

Wakuu, mimi daktari wa wilaya, mwaka wa 4 kazini. Natamani ubingwa wa moyo. Ila juzi mama wa kupasuliwa alisubiri kwa saa 2 nzima: mtoa usingizi wetu mmoja alikuwa chumba kingine. Nafasi za ufadhili wa masomo zigawiwe kwa kufuata uhaba wa mabingwa, au tujichagulie?

Mzee wa Kisu: Kwa uhaba. Mimi nasoma upasuaji kupitia COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, wale wa Arusha. Miaka 5, hukai darasani, unajifunza ukipasua hospitalini.

Mama Ganzi: Dogo, njoo usingizi! Lakini uliza kwanza kama hospitali yako ina mashine na oksijeni. Mimi nilirudi na cheti, nikakuta stoo tupu. Nikahamia mjini.

Muuliza: Mashine ipo, dada. Imefunikwa shuka.