Beki wa miaka 20, mwaka wa pili chuoni: asaini NHL sasa au arudi?

MjombaWaStPaul (2 Aprili 2025)

Habari zenu wanajamvi. Naomba ushauri kwa wanaofuatilia hoki ya barafuni ya vyuo vya Marekani, maana nyumbani kwetu tumegawanyika.

Mtoto wa dada yangu ni beki wa kushoto. Mwaka 2022 aliteuliwa na klabu ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, katika raundi ya tatu ya uteuzi wa vijana (klabu huchagua kwa zamu, na iliyokuteua ndiyo pekee yenye haki ya kukusajili kwa muda fulani), akacheza mwaka mmoja zaidi ligi ya vijana ya USHL, na sasa amemaliza msimu wa pili chuoni. Timu yake imetolewa wiki iliyopita. Siku ya pili tu klabu ikapiga simu: mkataba wa miaka 3, unaoanza kuhesabiwa msimu huu huu. Juni anatimiza miaka 21.

Kijana anataka kwenda. Dada anataka digrii kwanza, na siwezi kumpuuza: ndiye aliyesafisha ofisi za watu usiku miaka na miaka ili mtoto apate viatu vya barafu na saa za uwanja. Tuna njia tatu. Asaini sasa. Arudi mwaka wa tatu, asaini Machi ijayo. Au amalize miaka yote minne, na Agosti 15, 2027 haki za klabu ziishe, awe huru kwenda anakotaka.

Anacheza kama dakika 18 kwa mechi, ila hapangwi mpinzani akiwa pungufu, pale ambapo timu inasaka goli.

Kipusa_Boston

Shikamoo mjomba. Jibu liko kwenye sentensi yako ya mwisho. Kama chuoni bado hapewi kazi ile, bado kuna kitu hajakimaliza hapo.

Mtazame Cale Makar, beki. Colorado ya NHL walimteua wa 4 mwaka 2017. Msimu wake wa kwanza chuo cha UMass alipata pointi 21 (magoli na pasi za magoli). Angeweza kuondoka, akarudi. Msimu wa pili akapata 49 na tuzo ya Hobey Baker, ya mchezaji bora wa vyuo, akaifikisha timu fainali. Walifungwa na Minnesota Duluth Aprili 13, 2019. Aprili 15 alikuwa barafuni na Colorado kwenye mechi ya mchujo dhidi ya Calgary, akafunga goli usiku ule ule. Siku mbili tu! Aliondoka akiwa ameshawashinda wote wa rika lake, ndiyo maana hakuyumba.

Beki mwingine, Adam Fox, alikaa Harvard miaka 3. Haki zake zilitoka Calgary zikaenda Carolina, mwisho zikatua New York Rangers. Mwaka 2021 akatwaa tuzo ya beki bora wa NHL. Mabeki wanachelewa kuiva, mjomba.

Dere_Denver

Hiyo ni hadithi ya Makar. Macklin Celebrini alikaa Boston University msimu mmoja, Fantilli mmoja pale Michigan, Eichel mmoja. Kuna mtu anadhani walikosea? Mtoto akiwa tayari, kumrudisha ni kumzoesha wapinzani wepesi. Juzi tu Ryan Leonard na Gabe Perreault wametoka Boston College baada ya mwaka wa pili, Washington na Rangers wakawachukua siku hiyo hiyo.

Kipusa_Boston

Kaka, hao wote uliowataja ni wa raundi ya kwanza, na watatu wa mwanzo walichaguliwa ndani ya tatu bora. Nafasi yao ilikuwa inawasubiri. Huyu ni wa raundi ya tatu, anaingia foleni.

MhasibuWaMississauga

Poleni kuchelewa, nilitaka nipige hesabu kwanza. Mjomba, tarehe ya kuzaliwa ya kijana inabadilisha mambo, soma taratibu.

Mkataba wa kwanza wa NHL una urefu unaotegemea umri. Miaka 18 hadi 21 ni mkataba wa miaka 3. Miaka 22 na 23 ni miaka 2. Miaka 24 ni mmoja. Umri unaoangaliwa ni ule utakaokuwa nao Septemba 15 ya mwaka unaosaini, hata ukisaini Machi.

Akisaini leo anahesabiwa ana 21, kwa hiyo miaka 3. Msimu huu unaoisha unakuwa wa kwanza ingawa zimebaki wiki chache, kisha 2025-26, kisha 2026-27. Mkataba unaisha kiangazi cha 2027.

Akirudi chuoni na kusaini Machi 2026, anahesabiwa ana 22, kwa hiyo miaka 2. Klabu ikikubali uanze msimu huo huo, basi 2025-26 ni wa kwanza na 2026-27 ni wa pili. Unaisha kiangazi cha 2027.

Umeona? Mkataba wa pili, ule wenye pesa za kweli, unafika siku moja kwa njia zote mbili. Anachopoteza kwa kurudi ni mapato ya msimu mmoja. Na hapo usidanganywe na dola 950,000, ambazo ndizo kiwango cha juu kwa walioteuliwa mwaka wake. Hizo ni za siku anazokaa NHL. Akishushwa AHL, mshahara ni kama 80,000 kwa mwaka, bila kuhesabu bonasi ya kusaini.

Kasoro ya njia ya pili ipo: akisaini 2026 anakuwa na msimu mmoja tu kamili wa kujionyesha kabla ya mazungumzo ya 2027. Akisaini sasa ana miwili.

Nahodha_NBO

Nawasoma kutoka Nairobi, sisi tuliojifunza kuteleza kwenye uwanja mdogo wa hoteli ya Panari, Mombasa Road. Samahani kwa swali: hiyo AHL ikoje ukilinganisha na chuo?

Baba_Amani

Ndugu Nahodha, nakujibu kwa uchungu kidogo, maana mwanangu amepita huko.

AHL ni ligi moja chini ya NHL, ya watu wazima. Mechi 72, mabasi usiku, Ijumaa, Jumamosi na mara nyingine Jumapili mfululizo. Chuoni wana mechi kama 34 kabla ya mchujo, karibu zote wikiendi. Jumatatu hadi Alhamisi ni mazoezi, kunyanyua vyuma, kula na kulala. Mwili unajengwa chuoni. Ukishakuwa mtu wa kulipwa unautunza tu usivunjike.

Wangu alisaini baada ya mwaka wa pili. Klabu siitaji. Walimwambia ataingia kikosini "hivi karibuni". Vuli ilipofika walikuwa wamesajili mabeki wawili wakongwe. Akashushwa AHL, huko akawa wa saba kwenye orodha ya mabeki sita wanaocheza. Januari akapelekwa ECHL, ligi ya chini zaidi. Alikuwa na uzito wa kilo 79 akigongana na wanaume wenye watoto. Na mlango wa chuo ulikuwa umefungwa: ukishasaini mkataba wa NHL huwezi kurudi kuchezea chuo, hata ungelia.

Simlaumu mtu. Lakini hatukuuliza. Mjomba, waulize hao watu maswali haya, na wajibu kwa maandishi ikiwezekana: msimu ujao mnamwona NHL au AHL? Mabeki wa kushoto wangapi wako mbele yake, na mikataba yao inaisha lini? AHL atacheza dakika ngapi, nafasi gani? Wakisema "tutaona kambini", umeshajibiwa.

MamaWatatu

Baba Amani, pole sana. Natumaini kijana anaendelea vizuri.

Mimi nasimama na mama yake. Kipa Ken Dryden aliteuliwa 1964, akaenda kusoma Cornell hadi akamaliza 1969, kisha akasomea sheria McGill huku akidaka Montreal na kubeba makombe. Najua zama zimebadilika. Lakini mihula minne iliyobaki si kitu kidogo kwa familia iliyovuka bahari. Angalau chuo kiseme kwa barua kama kitamruhusu kumalizia masomo wakati wa kiangazi, na nani atalipa.

Dere_Denver

Mama, nakubali kuhusu barua. Baba Amani, umenifanya nifikiri upya. Ila mjomba, jambo moja hamjaligusa: kuanzia Agosti mwaka huu wachezaji wa ligi za vijana za Kanada wataruhusiwa kucheza NCAA, yaani michezo ya vyuo vya Marekani. Msimu ujao chuo kitakuwa kigumu kuliko alichokizoea. Hiyo ni sababu nzuri ya kurudi, ushindani umemfuata nyumbani. Lakini kocha anaweza kuleta beki kutoka Kanada akampa ile nafasi. Muulizeni kocha pia, si klabu peke yake.

Kipusa_Boston

Na ile njia ya miaka minne, mjomba, iacheni iwe akiba tu. Jimmy Vesey aliiacha Nashville hivyo mwaka 2016 baada ya Harvard, klabu zikamgombania kiangazi kizima, akaenda Rangers. Amecheza NHL miaka mingi, Mungu ambariki, lakini uhuru ule haukumfanya mchezaji mwingine. Inafaa pale klabu iliyokuteua imejaza mabeki wa upande wako hadi pomoni.

MjombaWaStPaul (6 Aprili 2025)

Asanteni, wote. Tumekaa jana, mimi, dada, kijana na mshauri wa familia.

Klabu wamejibu kwa ukweli, nawapa heshima: msimu ujao wanamwona AHL, na mabeki wawili wa kushoto walio mbele yake wana mikataba hadi 2027. Kocha wa chuo naye kasema beki aliyekuwa akipangwa mpinzani akiwa pungufu anahitimu Mei, na nafasi hiyo ni ya kijana wetu kuanzia siku ya kwanza. Hakuna anayeletwa kutoka Kanada upande wa kushoto.

Hesabu ya Mhasibu niliichora kwenye karatasi mezani. Kijana aliitazama muda mrefu, akamuuliza mshauri kama ni kweli. Mshauri akasema ndiyo. Anarudi. Machi tutazungumza tena, na tutaomba mkataba uanze msimu huo huo.

Dada hakusema kitu. Alikwenda kupasha chapati.

MhasibuWaMississauga

Vizuri. Kabla ya Septemba ulizeni chuo kuhusu bima ya jeraha linalokatisha mchezo, na nani analipia. Goti likivunjika Novemba, hesabu yangu yote haina maana. Fanyeni hilo wiki hii.