Ramani ya mawazo ina nodi 214, nashindwa kuipunguza. Naomba ushauri wenu

karani_wa_ngazi
Wakuu, habari zenu. Nimepewa kazi ya kupanga mfumo wa nyaraka za kampuni: sera, mikataba, ankara, taratibu za kazi, fomu za wafanyakazi. Nimechora ramani ya mawazo (mchoro wa kitovu na matawi, kila neno ndani yake ni nodi) yenye matawi makuu saba, kila tawi lina matawi madogo kama sita, na inashuka mpaka ngazi ya sita. Jumla nodi 214. Ukiifungua yote, maandishi hayasomeki. Ukiikuza, hujui tena uko tawi gani. Nataka zibaki ngazi tatu kufikia Jumatatu. Nianze kukata wapi? Usingizi sipati.

mzizi_shina
Unatumia programu gani? Freeplane ni ya bure, inakunja matawi na kuchuja nodi kwa neno, na faili lake la .mm ni XML ya kawaida (maandishi ambayo programu nyingine zinaweza kuyasoma), kwa hiyo hata ukihama programu kazi yako haipotei. Shida ya kutoona kitu inaisha hapo.

lebo_kwanza
Kukunja hakupunguzi kitu, kunaficha tu. Mleta mada, maswali mawili. Matawi saba yanaitwaje? Na uliyatoa wapi: kwenye orodha ya nyaraka zilizopo, au kichwani?

saba_tosha
Saba ni sahihi, usiongeze. George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba akili inashika vitu saba, viwili zaidi au pungufu. Hakikisha hakuna nodi yenye watoto zaidi ya saba.

lebo_kwanza
Miller alizungumzia kumbukumbu ya muda mfupi. Menyu iko mbele ya macho, hakuna anayeikariri. Vitu 12 vyenye majina yanayoeleweka kwenye ngazi moja ni rahisi kuliko matawi matatu ya vinne vinne, maana kila ngazi unayoongeza ni mahali pengine pa kupotea. Sheria ya saba ndiyo inayowafanya watu wabuni matawi ya katikati yasiyo na maana, kama "Mengineyo". Mleta mada, bado tunakusubiri.

karani_wa_ngazi
Fedha, Utumishi, Ununuzi, Sheria, Masoko, Huduma kwa Wateja, Utawala. Nilifuata folda za kwenye seva ya pamoja kwa sababu watu wameshazizoea.

kabati_la_chuma
Basi hiyo si ramani ya mawazo, ni picha ya folda za zamani. Kasoro zote umezibeba nzima nzima. Mfumo hupangwa kwa anayetafuta nyaraka, si kwa heshima ya idara. Kesho idara mbili zikiunganishwa, muundo wako umekufa. Halafu ramani ya mawazo ni mti: kila nodi ina mzazi mmoja. Mkataba wa muuzaji ni wa Ununuzi, ni wa Sheria, na Fedha wanauhitaji kabla ya kulipa. Utauning'iniza wapi? Watu huishia kuweka nakala tatu, na baada ya muda hakuna anayejua ipi ndiyo halali.

jicho_kavu
Samahani wakuu, hii kwangu ni chai. Pigeni hesabu. Matawi saba, kila moja linagawanyika sita sita mpaka ngazi ya sita: 7 × 6 × 6 × 6 × 6 × 6 ni nodi 54,432 kwenye ngazi ya mwisho peke yake. Yeye anasema 214. Halafu mtu anayechora tu hana sababu ya kuihofia Jumatatu, mchoro hurekebishwa siku yoyote. Ama kisa kimetungwa, ama kuna jambo hajalisema.

saba_tosha
Hata mimi Jumatatu imenitatiza. Weka kipande cha ramani tukione.

karani_wa_ngazi
Sijatunga. Nilisema "kama sita" kwa ngazi ya pili tu. Kutoka juu kwenda chini: 7, 41, 96, 52, 14, 3. Ongeza na kitovu, ni 214. Kipande hiki hapa:

Ununuzi > Wauzaji > Mikataba > 2023 > Rasimu > Za zamani

Kuhusu Jumatatu, ukweli ni kwamba tumeshahamisha. Nyaraka 9,300 zimeingia SharePoint (hifadhi ya nyaraka ya Microsoft) tangu Alhamisi, kwa folda hizi hizi, na Jumatatu wafanyakazi wote wanafunguliwa mlango. Meneja ameshausaini muundo. Sioni sababu ya kuubomoa, nilitaka kupunguza ngazi tu.

jicho_kavu
Hesabu imekaa. Neno langu nalirudisha, samahani mkuu.

lebo_kwanza
Hilo ndilo ungelisema mwanzo, maana sasa ushauri unabadilika. Usifute folda yoyote leo.

Tazama kipande chako. "Ununuzi" ni idara, "Mikataba" ni aina ya nyaraka, "2023" ni mwaka, "Rasimu" ni hali. Ni maswali manne tofauti yamepangwa kwenye foleni moja. Mwaka na hali ni lebo, yaani safu ndani ya maktaba ya nyaraka (chombo kikuu cha SharePoint kinachobeba folda na faili). Nodi inastahili kuwa chombo (maktaba au folda) pale tu ruhusa, muda wa kutunza au mwenye dhamana anapokuwa tofauti na wa mzazi wake.

Toa ramani kama maandishi yaliyojongezwa kwa ngazi, bandika kwenye lahajedwali, kila nodi mstari wake. Ongeza safu ya COUNTIF kuhesabu kila jina limejirudia mara ngapi. Jina linalorudi chini ya wazazi wengi karibu kila mara ni lebo.

Kisha anza kujaza lebo faili zikiwa bado ndani ya folda zake. Watu wengi wanaharibu hapa: folda ndiyo pekee inayojua mwaka, ukishalitoa faili humo mwaka umepotea. Ingia kila folda, fungua mwonekano wa gridi, jaza Mwaka, Hali na Aina kwa kunakili kwenda chini. Ndipo uhamishe.

mzizi_shina
Nyongeza. Kwenye kuhamisha chagua "hamisha", si "nakili": kunakili kunabeba toleo la mwisho tu, historia inabaki nyuma. Na tafuta majina yanayogongana kabla ya kuzitoa faili kwenye folda na kuziweka pamoja. "Mkataba.docx" iliyokaa salama ndani ya folda nne za miaka itagombana na wenzake ikifika chumba kimoja.

kabati_la_chuma
Na maktaba ikizidi vitu 5,000, mwonekano usiochujwa kwa safu yenye indeksi (faharasa ya kutafutia haraka) unaweza kugoma. Weka indeksi kwenye Mwaka na Aina sasa hivi, kabla maktaba haijajaa.

karani_wa_ngazi
Nimefanya COUNTIF. Miaka minne inajirudia mahali 12, ni nodi 48. "Rasimu" na "Zilizosainiwa" zimejirudia saba saba, 14. "Za zamani" tatu. Jumla 65. Nikizitoa zinabaki 149, ngazi ya tano na ya sita zinaisha zenyewe, na ya nne inabaki na nodi nne tu, zote chini ya mafaili ya wafanyakazi: Mishahara, Nidhamu, Afya, Tathmini. Hizo nazo nikate?

lebo_kwanza
Hizo usiguse. Ruhusa zake ni tofauti, kwa hiyo ni vyombo halali. Zipandishe kila moja iwe maktaba yake, ruhusa uitenge pale juu isirithi ya mzazi, si kwenye folda ya ndani ambako kesho mtu ataisahau.

Jumatatu wafungulie watu kumi wa idara tofauti, wengine wasubiri. Wape kazi nane za kutafuta, bila kutumia maneno yaliyomo kwenye menyu: usiseme "tafuta mkataba wa muuzaji", sema "unataka kujua tunaweza kuachana na msambazaji huyu lini". Andika tawi la kwanza kila mmoja alilobofya. Hiyo karatasi ndiyo utampelekea meneja.

karani_wa_ngazi
Nimeshamwandikia kuomba wawe kumi. Naanza na folda ya 2023 ya Ununuzi, ina faili 212.